Usimpakate, ana miaka 11!



Leo naomba tuyaweke kando kidogo yale mambo yetu ya kupendana na kuachana. Kuna jambo limenikaa rohoni, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki, kwa sababu mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe mwandishi wa safu hii. Hebu vuta kiti nikupe mkasa mzima.

Jumamosi moja mwaka jana nilimchukua mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, twende Kariakoo kumnunulia viatu vya shule. Tukapanda daladala pale Tandika. Siti ilikuwa imebaki moja, nikamwachia dogo akae, mimi nikaning'inia kwenye bomba kama nguo iliyoanikwa.

Gari halikufika mbali, likajaa. Konda akatupa macho, akamwona dogo kaketi dirishani, katulia zake.

"Oya, huyo mtoto apakatwe! Mama, mpakate huyo, siti ya mtu mzima hiyo!"

Mama mmoja mwenye roho nzuri wala hakuuliza. Akamnyanyua dogo kwa makwapa, akakaa yeye, akamweka mapajani. Kisha akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, umeshaanza chekechea?" Abiria wakacheka. Na mimi, mjomba mtu, nikacheka.

Mpwa wangu hakusema kitu. Aliinamisha kichwa mpaka Kariakoo. Tuliposhuka nikataka kumshika mkono tuvuke barabara, akauchomoa.

"Anko," akasema, "mimi niko darasa la tano."

Msomaji wangu, mtoto yule alikuwa na miaka 11. Kimo chake, kama tulivyokuja kupimiwa baadaye, kilikuwa sentimita 126, yaani kimo cha kawaida cha mtoto wa miaka 8. Sasa jiulize: wewe ulipokuwa na miaka 11, ungejisikiaje kupakatwa na mtu usiyemjua mbele ya gari zima?

JINA NILILOMPA MIMI

Jioni nikamsimulia dada yangu ile stori ya daladala, nikidhani ni kichekesho. Dada hakucheka. Akamwita mwanawe, akamwambia, "Hebu mwonyeshe anko wako viganja." Dogo akavificha nyuma. Baadaye, alipokwenda kulala, ndipo nikaambiwa. Viganja vina malengelenge. Kila usiku mtoto anapanda kigoda, anashika fremu ya mlango, anajining'iniza mpaka mikono inachoka. Kisa? Kuna mtu alimwambia ukining'inia unarefuka.

Si hilo tu. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma, na ikifika saa nne, muda wa shule ukishapita, tumbo limepona. Wenzake wa darasani amewakimbia, siku hizi anacheza na watoto wa darasa la pili. Na shuleni hana jina lingine zaidi ya "Nukta".

Hapo moyo ukanipasuka paa! Jina la Nukta nilimpa mimi. Nilimpa akiwa na miaka minne, kwa mapenzi tu, utani wa mjomba na mpwa. Halafu siku moja nikampelekea daftari alilolisahau, nikasimama getini nikapaza sauti: "Nuktaaa!" Shule nzima ikasikia. Kuanzia siku hiyo likawa jina lake.

Wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbua usaha. Na walisema pia kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto mfupi mara nyingi jina la kejeli halianzii mtaani. Linaanzia sebuleni, linatoka kwa watu wanaompenda, kisha linafuatana naye mpaka darasani. Andunje, kipisi, kibushuti, pimbi, mbilikimo. Sisi tunacheka, yeye naye anacheka ili asionekane mkorofi. Halafu usiku ananing'inia mlangoni.

KINACHOUMA SI UREFU

Baada ya mkasa ule nilianza kusoma na kuulizia. Kitu kimoja kilinishangaza, na ndicho hasa nilichokuitia leo.

Kule Uingereza, eneo la Wessex kusini mwa nchi hiyo, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto wafupi walioanza shule kati ya mwaka 1985 na 1987, wakawalinganisha na wenzao wenye kimo cha kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 hayakuonyesha kwamba ufupi peke yake unamharibu mtoto akili wala tabia. Wafupi wale walikuwa watoto kama watoto wengine. Lakini matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha jambo la pili: watoto wafupi ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba wameonewa na wenzao shuleni.

Umeipata hiyo? Sentimita zenyewe hazimvunji mtoto moyo. Kinachomvunja moyo ni jinsi sisi warefu tunavyomchukulia. Na hilo, tofauti na mifupa, tunaweza kulibadilisha leo leo, tena bure.

Wakubwa wetu tumekuwa na ugonjwa huu wa kusoma umri kwenye kimo tangu zamani. Waulize wazee. Enzi zile vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa adimu, mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umepita. Usipolifikia, rudi nyumbani ukakue kwanza! Mtoto wa miaka saba kamili angeweza kurudishwa kwa kosa la mkono kuwa mfupi. Siku hizi kipimo kile tunakicheka, lakini kila siku tunakitumia kwa namna nyingine: kwenye daladala, dukani, kanisani, madrasa na hata mezani kwetu.

KWANZA, APIMWE

Kabla hatujafika kwenye mambo ya moyo, tumalize ya mwili. Usikae kijiweni ukisema "huyu kafuata ukoo" bila kuwa na uhakika.

Mtoto akishafika miaka minne hivi mpaka abalehe, kwa kawaida huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kila mwaka. Kama mwanao au mdogo wako haongezeki hata 4, au suruali ya mwaka juzi bado inamtosha vizuri, au ghafla wenzake wote wamempita, mpeleke hospitali. Beba na ile kadi yake ya kliniki ya utotoni, usiitupe kamwe. Daktari haangalii tu mtoto ana urefu gani leo, anaangalia amekuwa akikua kwa mwendo gani.

Kuna hesabu ndogo wanayoitumia, unaweza kuipiga hata wewe. Chukua urefu wa baba na wa mama, jumlisha. Kama mtoto ni wa kiume ongeza 13, kama ni wa kike punguza 13. Kisha gawanya kwa mbili. Baba wa sentimita 168 na mama wa 155, mtoto wao wa kiume hutarajiwa kuwa karibu na 168, na wa kike karibu na 155. Anaweza kwenda juu au chini kwa kama sentimita 8 na nusu. Kwa hiyo kama nyote wawili ni wafupi, usimtegemee mtoto awe mlingoti.

Sababu za ufupi ni nyingi. Wapo waliofuata ukoo. Wapo wachelewaji, ambao watarefuka wenzao wakiwa wameshamaliza. Wapo wenye maradhi ya muda mrefu ya tumbo, figo au moyo. Wapo wenye upungufu wa homoni ya ukuaji. Wapo waliodumaa kwa lishe duni na maradhi ya mara kwa mara katika miaka miwili ya mwanzo, na hao kwetu ni wengi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na wapo waliozaliwa na hali ya mifupa inayofanya mikono na miguu iwe mifupi. Kwenye aina iliyo ya kawaida zaidi ya hali hiyo, kama wanne kati ya watano huzaliwa na wazazi wenye urefu wa kawaida kabisa. Kwa hiyo yale maneno ya uani kwamba mama alikula hiki au alitembea na yule, yaishe. Mama hana kosa, na akili za mtoto ni timamu kama zako.

Mpwa wangu alipopimwa, daktari alimuuliza shemeji yangu, "Wewe ulirefuka lini?" Shemeji akakumbuka kwamba mpaka anafika kidato cha tatu alikuwa anakaa dawati la mbele, akaja kuchomoka baadaye. Wakampiga dogo picha ya mkono wa kushoto kuangalia umri wa mifupa. Mifupa ikaonekana iko nyuma ya umri wake. Ni mchelewaji kama baba yake. Akaambiwa arudi baada ya miezi sita apimwe tena.

Jihadhari na matapeli wanaouza vidonge na unga wa "kurefusha mwili". Sehemu za mifupa zinazokua zikishajifunga, hakuna kidonge kitakachokurefusha. Homoni ya ukuaji ipo kweli, lakini ni sindano za muda mrefu chini ya daktari bingwa, na si kila mfupi anaihitaji. Na kumshindilia mtoto ugali sahani mbili ili arefuke ni kumnenepesha tu.

ANA MIAKA MINGAPI? HUO NDIO UREFU WAKE

Sasa tuje kwenye kiini. Hata kama daktari amesema atarefuka, hiyo ni habari ya miaka mitano ijayo. Mtoto anaishi leo. Jumatatu shule ipo, na konda yupo.

Kanuni ni moja, ibandike kwenye friji kama unalo: mtendee kwa umri wake, si kwa kimo chake.

Kama ana miaka 11, apewe kazi za mtoto wa miaka 11. Atumwe dukani, aoshe vyombo, amsaidie mdogo wake kazi za shule. Muda wa kulala uwe wa umri wake. Pesa ya matumizi iwe ya umri wake. Na makosa pia ayajibie kwa umri wake. Ukimwachia kila kitu kwa sababu "bado kadogo", unamfundisha kujificha kwenye udogo, na kesho atakushangaza akiongea kitoto makusudi ili asipewe majukumu.

Nguo nazo ni lugha. Si kwa sababu saizi yake ipo kwenye rundo la watoto wa miaka saba basi umvalishe fulana za katuni. Mnunulie jinzi wanayovaa wenzake, mpelekee fundi cherehani aikate. Wenzake watamwona wa kwao.

Nyumbani, punguza vitu vinavyomfanya aombe msaada kila dakika. Weka kigoda karibu na sinki. Pigilia msumari wa chini wa kutundikia begi. Vikombe vishuke kwenye rafu ya kati. Ni vitu vidogo, lakini mtoto anayejichotea maji mwenyewe ana heshima tofauti na anayesubiri kuchotewa.

Halafu kuna hili la kunyanyuana. Watu wana tabia mbaya ya kumbeba mtoto mfupi juu juu kama mdoli, eti wanacheza naye. Usimnyanyue mtoto wa miaka 11 bila ridhaa yake, na wafundishe wenzake wasimnyanyue. Ni dharau, na kwa wenye ile hali ya mifupa inaweza kuwaumiza mgongo.

Kama ana mdogo wake aliyempita urefu, hapo kuwa makini maradufu. Wageni watauliza tu, "Nani mkubwa hapa?" Jibu haraka na bila kucheka: "Huyu ndiye kaka." Na mdogo aendelee kumwita kaka. Ukubwa wa kuzaliwa haupimwi kwa futi kamba.

MANENO YA KUSEMA, NA YA KUMEZA

Najua utataka kumfariji. Lakini kuna faraja zinazochoma.

Usimwambie "utarefuka tu, subiri" kama hujaambiwa hivyo na daktari. Akifika miaka 16 bila kurefuka atakuona mwongo. Usimwambie "Mungu kakuumba hivyo, nyamaza." Hilo la Mungu sawa, lakini la kunyamaza ndilo baya, kwa sababu atanyamaza kweli, na hutajua tena kinachompata. Wala usimwambie "mbona mambo madogo hayo." Kwake si madogo.

Muulize, "Leo shule ilikuwaje? Nani kakukera?" Kisha ufunge mdomo usikilize. Mkubali kwamba inauma. Ukishamsikiliza, fanyeni mazoezi ya majibu mafupi, kama vile waigizaji wanavyofanya mazoezi. Mtu akimuuliza uko chekechea, ajibu akimtazama usoni: "Nina miaka 11, niko darasa la tano." Mwenzake akimwambia wewe mfupi, ajibu: "Ndiyo, mfupi. Kuna lingine?" Halafu aondoke. Mtaniaji anataka machozi au ngumi. Akikosa vyote viwili, utani unamwishia mdomoni.

Na umwangalie. Mtoto anayeugua tumbo kila siku ya shule, anayejitenga, anayecheza na wadogo tu, anayegombana kila mara, au yule anayejigeuza kuwa kichekesho cha darasa ili apendwe, anakwambia jambo bila maneno. Akianza kusema hataki kuishi au akaacha kula na kulala, usingoje hata kesho. Mpeleke hospitali, aonane na mtaalamu.

Nenda shule, ongea na mwalimu wa darasa kwa heshima. Mweleze mambo matatu tu. Moja, mtoto aitwe kwa jina lake la kwenye rejista. Mbili, akae mahali anapoona ubao, na miguu ipate cha kukanyagia, maana miguu inayoning'inia siku nzima inachosha. Tatu, siku ya mahafali asipewe kila mwaka nafasi ya kuigiza mtoto mchanga. Hata kwenye igizo anaweza kuwa hakimu. Na ukipuuzwa, kumbuka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto. Huendi kuomba hisani.

USIMBEBESHE MESSI

Najua kuna mshikaji ameshaanza kusema, "Mwambie amwangalie Messi!" Ni kweli. Lionel Messi akiwa mtoto kule Rosario, Argentina, aligundulika ana upungufu wa homoni ya ukuaji. Matibabu yalikuwa ghali, na baada ya familia kuhamia Hispania, klabu ya Barcelona ikabeba gharama. Leo ana kama sentimita 170, na mwaka 2022 alinyanyua Kombe la Dunia kule Qatar. Kwenye kikapu yupo Muggsy Bogues wa Marekani, mwenye sentimita 160 tu, aliyecheza misimu 14 kwenye NBA katikati ya majitu ya mita mbili.

Stori nzuri hizo, mpe dogo azijue. Lakini usizigeuze deni. Mtoto mrefu akiwa wa kawaida darasani hakuna anayemsumbua. Mbona mfupi adaiwe kuwa nyota ndipo aheshimiwe? Nilifanya kosa hilo pia. Nilimnunulia mpwa wangu jezi na kumwambia, "Kuwa kama Messi, watakukoma." Akaniambia, "Anko, mimi mpira siupendi. Napenda kuchora."

Kumbe! Miaka yote 11 nilikuwa sijui kwamba mpwa wangu anachora. Nilikuwa na kazi ya kuangalia kimo.

Mtafutie anachokipenda yeye. Iwe kuchora, karate, kuogelea, drafti, ngoma au kurekebisha redio. Mahali ambapo watu wanamjua kwa kitu kingine mbali na urefu wake, hapo ndipo moyo wake unapopumzika.

NILIVYOOMBA RADHI

Nilimfuata siku moja jioni, akiwa barazani na daftari lake la michoro. Nikamwambia, "Lile jina nililianzisha mimi. Lilikuwa kosa. Nisamehe." Sikuongeza "nilikuwa natania", maana radhi yenye mkia si radhi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Sasa shuleni wataacha?"

Nikamwambia ukweli: wengine wataacha, wengine hawataacha upesi. Lakini hapa nyumbani limekufa leo. Tukaitana familia nzima, pamoja na bibi yake ambaye ndiye mtani mkubwa, tukakubaliana. Ukiteleza ukasema Nukta, unaweka shilingi mia kwenye kopo. Mwezi wa kwanza bibi alikaribia kufilisika!

Shuleni bado wapo wanaomwita hivyo. Sitakudanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Ila yale maumivu ya tumbo ya Jumatatu yamepungua, na fremu ya mlango sasa imepumzika. Na wapo wenzake wawili wa darasa la tano waliokuja nyumbani kuchorewa magari.

Mwezi mmoja baadaye tukapanda tena daladala. Likajaa. Konda akaanza, "Oya, huyo mtoto apaka..." Sikumwacha amalize. "Usimpakate mtu hapo! Ana miaka 11, na nauli analipa!" Gari zima likageuka. Konda akacheka, akasema, "Haya bosi, yaishe."

Nikajiona shujaa. Nikamgeukia mpwa wangu nikitegemea tabasamu. Alikuwa amekunja uso.

"Anko," akaninong'oneza, "siku nyingine niache niseme mwenyewe."

Mpenzi msomaji, nilinywea. Maana hata kwenye kumtetea nilikuwa nimempakata.

Safari ya kurudi tukakaa mbali mbali, yeye siti yake, mimi yangu. Konda mwingine akafika, akamwangalia, akafungua mdomo. Dogo akanyoosha mkono na sarafu zake: "Mwanafunzi. Darasa la tano." Konda akapokea, akapita. Basi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo wewe kaka, dada, mjomba, shangazi, na wewe mzazi kijana unayesoma safu hii, fikiria jina unalomwita yule mtoto mfupi wa kwenu. Kama hupendi kulisikia likitajwa getini mwa shule, lifute leo. Na wewe msomaji ambaye mfupi ni wewe mwenyewe, na ulikua ukichekeshwa na kucheka huku unaumia, najua unajua.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, tutarudi kwenye mambo yetu yale ya kupendana na kuachana. Kaa salama.